Land Rover Iliyokuwa Banda la Kuku

Mama msomaji, kama umewahi kusafiri kutoka Bungu kwenda Nyamisati wakati wa masika, hatuna haja ya kukueleza mengi. Kwa ambaye hajafika huku kwetu, Kibiti ni mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, zaidi ya kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam. Barabara kuu ina lami. Ukiiacha lami na kuelekea baharini, mambo hubadilika. Kwanza ni mchanga wa minazi na mikorosho, kisha udongo mweusi, na mwisho ni tope la mikoko. Huko ndiko Mto Rufiji unakogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, katika msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Watu wa visiwa vya Delta huja kwa mitumbwi na boti hadi Nyamisati, na hapo ndipo huanza kutafuta gari au pikipiki ya kuwafikisha hospitali au sokoni.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Kibiti. Tulipoanza tulikuwa 14. Baadhi yetu tunasali kanisa moja, na wengine ni majirani zetu Waislamu. Tunauza mikeka, kamba wabichi, nazi na mchele. Kila wiki tunaweka fedha kidogo kidogo katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu.

Mwaka 2020 mkwe wa mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu akiwa kisiwani. Boti ilimfikisha Nyamisati jioni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na gari halikupatikana. Akapandishwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Alijifungulia njiani, chini ya mkorosho, na mtoto hakuishi. Tulipotoka kumpa pole mwenzetu, hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika barabarani. Hapo mama mmoja akasema, "Jamani, kwani gari ni shilingi ngapi?"

Wengine wetu tulicheka. Lakini swali lile halikutoka tena vichwani mwetu.

TULIVYOLIPATA

Gari jipya hatukuliota hata kidogo. Hata gari dogo lililotumika, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilikuwa mbali na sanduku letu. Mwezi Agosti 2021, tulipofungua sanduku mbele ya wote, tulikuta shilingi 4,900,000, yaani 350,000 kwa kila mmoja wetu. Tulikubaliana kwamba 700,000 ni fedha za dharura, za ugonjwa na msiba, wala zisiguswe. Kwa hiyo tulikuwa na 4,200,000 za kununua gari, kulitengeneza na kuliandikisha.

Gari lenyewe tulikuwa tukilipita kila tulipokwenda kununua nazi. Lilikuwa Land Rover 109, lile refu la zamani, limeegeshwa uani kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva. Lilikuwa limekaa chini ya mwembe miaka tisa. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani, turubai limeoza, na nyuma kuku walikuwa wakitaga.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmefuata mayai?"

Tulipomwambia tumefuata gari, alituangalia kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kuleta viti. Alitaka 3,000,000. Tulirudi kwake mara nne. Mara ya nne tulikubaliana 1,800,000, kwa sharti kwamba kuku wanabaki kwake.

Kabla ya kulipa tulifanya mambo mawili ambayo tunamshauri kila mama ayafanye. La kwanza, tuliomba kuona kadi ya gari. Ilikuwa na jina la mzee mwenyewe, na namba zake zililingana na zile zilizogongwa kwenye chuma. Gari bovu hutengenezeka, lakini gari lisilo na kadi halali ni mzigo usio na mwisho. La pili, tulimlipa nauli fundi tunayemwamini, aje alione kabla yetu. Hatukumchukua fundi aliyeletwa na muuzaji.

FUNDI ALIVYOLIPIMA

Fundi huyo ni mtu mzima, mpole, ambaye huzungumza huku akifuta mikono kwa kitambaa. Alianza kwa kutuuliza, "Akina mama, sufuria zenu za nyumbani zinaota kutu?"

Tukasema hapana.

"Basi bodi la gari hili ni alumini kama sufuria. Msilitazame lilivyopondeka. Kitakachowaumiza kiko chini."

Ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulijua. Land Rover zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, nchi ile ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo mabodi yalitengenezwa kwa alumini, nayo alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ni chuma. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi na tope la mikoko lina chumvi. Chasisi huliwa kutoka ndani, polepole, kama jino bovu.

Fundi alilala chini ya gari na nyundo ndogo. Alikwenda akigonga kila shubiri moja. Palipokuwa pazima palilia kama kengele. Palipooza palitoa sauti nzito, na katika sehemu mbili nyundo ilipita mpaka ndani. Alichora alama kwa chaki. Alama zilikuwa saba, nyingi zikiwa upande wa nyuma na chini ya miguu ya dereva. Akasema saba zinatibika. Zingekuwa ishirini angetuambia turudi nyumbani na fedha zetu.

Kisha akaingiza hendeli kwenye tundu lililo mbele ya gari. Magari haya ya zamani huweza kuwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, bila stata. Hendeli haikusogea, injini ilikuwa imekamata. Akatoa plagi zote nne, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika kila silinda, akatuambia tusiguse kitu. Siku ya tano akaizungusha tena, taratibu, bila kulazimisha. Ilisogea robo mzunguko, halafu nusu, halafu mzunguko mzima. Mama mmoja akapiga vigelegele, na kuku wakatawanyika.

Tulimlipa mzee fedha zake mbele ya mashahidi, tukaandikiana. Trekta lilivuta gari hadi Kibiti kwa shilingi 80,000. Watoto walikimbia nyuma yake njia nzima. Waume zetu walikuwa wamekaa barazani wakitutazama. Mmoja wao alituuliza kwa sauti kubwa kama sasa tumefungua duka la vyuma chakavu.

RANGI HAISIMAMISHI GARI

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kupanga kipi kianze. Karibu nusu yetu tulitaka rangi na viti vipya. Tunakiri kwamba tulitaka kuwafunga midomo wale wa barazani. Fundi alisikiliza, kisha akasema, "Rangi haisimamishi gari." Akatupangia hivi: kwanza chasisi, kisha breki na usukani, kisha injini, kisha matairi, kisha umeme. Rangi iwe ya mwisho, kama kuna kitakachobaki.

Mweka hazina wetu alinunua daftari. Kila kifaa kiliandikwa ukurasa wake: jina, bei tuliyotajiwa dukani, bei tuliyolipa, na nani alikwenda kununua. Kwa vipuri tulikwenda Gerezani, Dar es Salaam, siku zote watu wawili pamoja, na kipuri cha zamani mkobani cha kulinganishia. Mwenye duka akikuona na kipuri mkononi hukuheshimu kidogo. Usipokuwa nacho, atakuuzia kinachofanana tu.

Chasisi ilichomelewa kwa mabati mazito. Pale palipooza fundi alikata mpaka akafika kwenye chuma kizima ndipo akaunga. Bati likichomelewa juu ya kutu huficha ugonjwa tu. Tulilipa 350,000. Breki zilimaliza 280,000: mpira wa kila silinda ya gurudumu, mabomba mawili, viatu vya breki na mafuta yake. Springi zilizokuwa zimeshikana kwa kutu zilifunguliwa, zikasuguliwa na kupakwa grisi. Bushi mbili ambazo hatukuzipata dukani zilichongwa kutoka katika tairi la zamani la lori. Kazi yote hiyo ilikuwa 120,000.

Siku moja, tulipokuwa tukilalamikia umbali wa Dar es Salaam, fundi alitukumbusha habari ambayo wazee wa Delta huisimulia bado. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya Rufiji ikiwa mitambo yake ni mibovu. Sehemu za mitambo hiyo zilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa tena Delta, kwa jasho la Waafrika waliolazimishwa kubeba na kuvuta. Manowari yenyewe iliangamizwa Julai 1915. "Wale walivuta kwa kamba," alisema fundi. "Ninyi mnapanda basi."

JANUARI MBAYA

Tulitamani kukuambia kwamba mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho. Hayakwenda.

Desemba fundi wetu alifiwa, akasafiri kwenda kwao. Sisi kwa haraka zetu tulimwita kijana mwingine aendelee na injini. Alituambia kabureta haifai, akachukua 150,000 kwenda kununua nyingine. Hatukumwona tena. Hatukumwandikisha popote, wala hatukwenda naye dukani. Tulivunja kanuni yetu wenyewe, kwa sababu kijana alikuwa na maneno matamu nasi tulikuwa na haraka.

Fundi wetu aliporudi Januari 2022 alifungua injini. Kabureta haikuwa na ubaya wowote. Ilihitaji kusafishwa tu. Ubaya ulikuwa kwingine. Oili ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa. "Mkiona hivi," alisema, "maji yameingia kwenye oili." Kifuniko cha juu cha injini kilikuwa kimepinda, na gasketi yake imekatika. Kilitakiwa kusawazishwa kwa mashine mjini, valvu zisagwe, na ringi za pistoni zibadilishwe. Jumla 900,000.

Kila mama anajua Januari ni mwezi gani. Shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali za sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Mume wa mwenzetu mmoja, yule aliyesema habari za vyuma chakavu, alimwambia mkewe alete nyumbani fedha zake zote 350,000 kabla hazijageuka kutu. Mwenzetu alikuja mkutanoni akiwa amevimba macho. Mama mwingine naye akasema angependa kutoka.

Tulikaa mpaka saa mbili usiku. Wengine walisema asiyevumilia asilipwe kitu. Lakini ndani ya kanuni zetu tulikuwa tumeandika kwamba anayetoka hurudishiwa akiba yake, na haki ni haki hata inapouma. Tukafungua sanduku, tukachukua zile 700,000 za dharura, tukawalipa wote wawili. Tukabaki 12.

Hilo lilikuwa jambo la haki, lakini tulilifanya vibaya. Tungewaomba wasubiri hadi msimu wa korosho, tukawalipa kwa awamu. Februari mtoto wa mwenzetu alilazwa kwa malaria kali, na sanduku halikuwa na kitu cha kumsaidia. Mama yake aliuza mbuzi wake wawili. Mtoto alipona, kwa neema ya Mungu. Lakini mpaka leo, tukihesabu gharama za gari, tunawahesabu na mbuzi wale, ingawa hawamo katika daftari.

HESABU KAMILI

Kwa kuwa akina mama wengi hutuuliza, tunaiandika hapa hesabu yote:

Kununua gari: 1,800,000
Kulivuta: 80,000
Chasisi: 350,000
Breki: 280,000
Springi na bushi: 120,000
Injini: 900,000
Fedha zilizoibwa: 150,000
Matairi matano yaliyotumika: 450,000
Betri, nyaya na taa: 260,000
Kubadili jina la kadi, bima na ukaguzi: 240,000
Jumla: 4,630,000

Tulizidisha 430,000 juu ya zile 4,200,000 tulizopanga. Kati ya hizo, 130,000 zilitokana na kuuza chuma cha kubebea mizigo juu ya paa na makorokoro mengine yaliyokutwa ndani ya gari. Zilizobaki 300,000 tulizipata kwa mikeka na maandazi. Tulisuka usiku, watoto wakishalala. Hatukukopa hata senti moja.

Rangi tulipaka wenyewe kwa brashi, kijani kilichobaki baada ya kupaka madirisha ya nyumba ya mwenzetu. Ukikaribia unaona alama za brashi. Usikaribie sana!

USIKU WA KWANZA

Gari liliwaka katikati ya Machi 2022. Dereva wetu alikuwa mtoto wa mmoja wetu, kijana mwenye leseni, aliyezoea magari madogo ya mjini. Aprili, saa tano usiku, simu ililia kwa mweka hazina. Alikuwa yule mume wa barazani. Binti yao aliyeolewa kisiwani alikuwa amefika Nyamisati kwa boti, na uchungu ulikuwa umeanza tangu asubuhi. Alisema maneno hayo, kisha akanyamaza. Mweka hazina alimjibu, "Shemeji, kaa tayari barabarani na taa."

Waliondoka wanne: dereva, mweka hazina, mwenzetu aliyetoka kwenye kikundi, na mumewe. Baada ya Bungu mvua ilianza. Katika bonde la udongo mweusi gari likakwama. Dereva alibonyeza kile kitufe cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele, lakini magurudumu ya nyuma tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka na kuchimba. Wakakata matawi. Wakasukuma. Nusu saa ilipita.

Ndipo yule mume aliposhuka, akapiga magoti kwenye tope mbele ya gurudumu, akamulika kwa taa. "Mmefunga habu?" akauliza. Hakuna aliyemwelewa. Kumbe gari hili lina vifundo katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo ni lazima vizungushwe kwa mkono. Usipovifunga, magurudumu ya mbele hayavuti hata ukivuta kila mtambo ulio ndani. Sisi hatukujua, na dereva hakujua. Yeye alijua, kwa sababu katika ujana wake alikuwa utingo wa malori ya kusini, miaka ile ambayo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Safari ya masika wakati ule iliweza kuchukua siku nyingi, na mengi ya mashimo yale aliyachimba kwa koleo lake.

Alivifunga vile vifundo viwili, akamwambia dereva apunguze upepo wa matairi kidogo, avute mtambo mwekundu wa nguvu ya chini, aingize gia ya pili, na asikanyage mafuta kwa hasira. Gari lilitoka likitembea kama mzee anayepanda ngazi.

Walifika Nyamisati saa nane usiku. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa hospitali ya Mchukwi. Binti alijifungua mtoto wa kike saa mbili asubuhi, wote wawili wazima. Wale wanne walikuwa wamekaa nje kwenye ukuta wa veranda, wamejaa tope mpaka kwenye nywele, na mweka hazina anasema hakuna aliyekuwa na nguvu hata ya kulia.

Yule mume hakutuomba radhi kwa maneno, nasi hatukumdai. Wiki iliyofuata tulikuta ameacha tairi zuri la akiba kwenye mlango wa mweka hazina. Mkewe amerudi kikundini. Akiba yake alianza upya, kama kanuni zinavyosema.

MAMBO TULIYOJIFUNZA

Kama kikundi chenu, au wewe na mume wako, mnafikiria kufufua gari la namna hii, zingatieni haya:

1. Pangeni fedha za matengenezo zizidi fedha za kununulia. Sisi tulinunua kwa 1,800,000, tukatumia 2,830,000 kulifanya litembee.

2. Fedha za dharura za nyumba zisiwe fedha za gari. Katika hili tulikosea.

3. Nyundo itangulie macho. Gongeni chasisi yote kabla ya kulipa.

4. Fundi asipewe fedha za kipuri mkononi. Mwende naye, mlipe dukani, mchukue risiti.

5. Mkitoka kwenye tope la mikoko, osheni chini ya gari kwa maji baridi ya kisima siku hiyo hiyo. Likikauka, pakeni chasisi oili chafu iliyotolewa kwenye injini, lakini msiifikishe kwenye breki wala kwenye mipira.

6. Kwenye lami fungueni habu na acheni magurudumu ya nyuma yavute peke yake. Kulazimisha manne kwenye lami huchosha gia.

7. Maji yakiwa yanakwenda kasi msiingie, hata kama gari ni refu. Aprili 2024 mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti, gari letu lilibeba mahema, unga na watoto kwenye barabara za juu tu. Palipokuwa na mkondo tuliwaachia wenye boti.

8. Mama angalau mmoja ajifunze kuendesha. Sasa wetu wawili wana leseni, na mmoja wao anafunga habu kabla hajaambiwa.

JE, LIMELETA FAIDA?

Tukitazama fedha peke yake, faida ni ndogo. Gari hili la petroli halifikishi kilomita 6 kwa lita moja kwenye njia mbovu, na mwaka 2022 bei ya lita ilipita shilingi 3,000. Kwa hiyo halitoki kwa kamba ndoo mbili. Linasubiri mpaka mzigo wa akina mama wote ujae, ndipo linakwenda mnadani. Abiria wa nauli hatubebi, kwa sababu kazi hiyo ina leseni na bima yake. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, baada ya mafuta, oili na ujira wa dereva, zilibaki 212,000. Tuliziweka zote kwenye fedha za dharura, kabla mtu hajatoa wazo jingine.

Wajawazito hawalipi kitu. Mwenye uwezo huchangia mafuta. Siku hizi nafuu imeongezeka, maana mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2022, unaitwa kwa namba 115 bila malipo, nao hutumia magari ya wagonjwa na hata madereva wa kawaida wa jamii. Tunawaambia akina mama wa visiwani waishike namba hiyo kichwani. Gari letu si badala yake. Ni la pale mvua inapozidi.

Bado linavuja oili kidogo upande wa kulia, na honi yake hulia linapokata kona. Yule mzee aliyetuuzia hupita mara moja moja kulisalimia. Hulizunguka, hugonga chasisi kwa fimbo yake, husikiliza. Mara ya mwisho alipokuja alichungulia nyuma, akauliza kama kuna yai.